Lübeck: Mji uliokuwa na bwana mmoja tu

Mwaka 1226 wakazi wa Lübeck, mji wa Kijerumani kwenye mto Trave karibu na Bahari ya Baltiki, walipata hati ambayo miji mingi iliitamani. Walikuwa wametoka tu kujinasua na utawala wa mfalme wa Denmark uliodumu zaidi ya miaka 20. Kaisari Friedrich wa Pili akawaandikia kwamba hawatakuwa na bwana mwingine ila yeye. Naye makao yake yalikuwa mbali, Italia. Mambo ya kila siku yakabaki mikononi mwa wenyeji.

Baraza la mji ndilo lililotunga sheria, kuamua kesi, kutoza kodi na kupiga sarafu. Miji ipatayo 100 ilizifuata sheria hizo, hadi Tallinn, na kesi zilizoshindikana huko zililetwa Lübeck.

Uhuru huo ulilindwa na fedha. Chumvi ya Lüneburg ilipitia Lübeck kwenda kuhifadhi samaki aina ya heringi waliovuliwa pwani ya Skåne, kitoweo kilichotafutwa sana na Wakristo siku za mfungo. Mji ukawa kinara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara, uliofanya hapo mkutano wake mkuu wa kwanza mwaka 1356. Mwaka 1370, baada ya vita, Denmark ilikubali masharti ya Hansa huko Stralsund.

Lakini aliyekuwa huru ni mji, si kila aliyeishi ndani yake. Viti vya baraza vilishikwa na wafanyabiashara wakubwa waliochaguana wenyewe kwa wenyewe. Mafundi walifungiwa mlango. Mwaka 1384 wachinjaji walikula njama ya kulipindua baraza. Njama ikafichuka, na wengi wakahukumiwa kifo. Mwaka 1408 madeni na kodi viliamsha hasira upya. Madiwani wengi wakakimbia, mafundi wakapata viti. Mwaka 1416 wakubwa wakarudi, na viti vikawa vyao tena.

Mageuzi ya mwaka 1803 yaliifuta karibu miji yote huru ya Ujerumani. Ikasalia 6, Lübeck ikiwemo. Licha ya kumezwa na Ufaransa ya Napoleon kwa muda mfupi, iliendelea kufanya mikataba na mataifa ya nje. Mwaka 1859 Lübeck, Hamburg na Bremen zilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambako wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa tayari na maghala.

Serikali ya Hitler ndiyo iliyoizima dola hiyo ndogo, kwa sheria ya mwaka 1937. Baada ya vita wakazi walidai haki yao mahakamani, na mwaka 1956 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikawakatalia. Hamburg na Bremen bado ni majimbo kamili. Lübeck ni mji tu ndani ya jimbo la Schleswig-Holstein.