Herufi za Mlazo: Aliyechonga na Aliyepewa Haki

MWANAFUNZI wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba anwani ya kitabu, au neno la lugha ya kigeni, huandikwa kwa herufi za mlazo, yaani italiki. Ni nadra kuelezwa zilikotoka. Hebu tuzitazame, kwa sababu zilipobuniwa hazikuwa na kazi hiyo hata kidogo.

Mwaka 1501, mjini Venice, Italia, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa chote kwa herufi za mlazo. Kilikuwa kidogo cha kushikika mkononi: kila karatasi ilikunjwa mara tatu, ikatoa kurasa 16. Herufi zake ziliiga mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia wa enzi hiyo. Herufi kubwa, hata hivyo, zilibaki wima.

Aliyezichonga ni fundi Francesco Griffo wa Bologna. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Kila herufi ilichongwa kinyumenyume kwenye ncha ya chuma cha pua, ikagongwa kwenye kipande cha shaba, kisha madini ya risasi yaliyoyeyushwa yakamiminwa katika alama iliyobaki.

Aldus alimtaja na kumsifu Griffo mwanzoni mwa kitabu hicho. Lakini mwaka 1502, serikali ya Venice ilipotoa haki ya kipekee ya kutumia herufi hizo, ilimpa Aldus. Fundi akahamia mji wa Fano. Huko, mwaka 1503, mchapishaji Gershom Soncino alitangaza waziwazi, katika kitabu cha mashairi ya Petrarch, kwamba mbunifu halisi ni Griffo.

Amri ya Venice nayo haikuvuka mipaka. Wachapishaji wa Lyon, Ufaransa, waliziiga herufi hizo na vitabu vyenyewe. Mwaka 1503 Aldus alitoa waraka wa kuwaonya wanunuzi, akiorodhesha makosa yaliyomo katika nakala hizo. Basi waigaji wakaitumia orodha yiyo hiyo kusahihisha kazi yao!

Kadiri karne ya 16 ilivyosonga, herufi za wima zilirejea kubeba matini, na za mlazo zikasaidia kubainisha sehemu maalumu. Zinafaa kwa sababu hulitenga neno bila kulipazia sauti kama ifanyavyo wino mzito.

Tazama sentensi hii: "Utengano umewaliza wengi." Je, ni kutengana kwa watu, au ni riwaya ya Said Ahmed Mohamed? Neno limeanza sentensi, kwa hivyo herufi kubwa haitusaidii. Mlazo pekee ndio ungetuondolea shaka. Anayeupuuza katika insha au tasnifu humwachia msomaji kitendawili ambacho ufundi wa Griffo ungekitegua.