Blogu: Watu Walipoamua Kujiandikia Wenyewe

Kama umekulia hapa Kitengela simu ya kugusa ikiwa tayari mkononi, huenda neno blogu kwako ni la wakubwa. Basi muulize kaka yako. Atakusimulia habari za saiba, kompyuta nzito yenye vibonye vilivyofutika herufi, na saa inayohesabu dakika pembeni. Ukiandika polepole, pesa zinaisha. Na bado watu walikaa pale wakaandika. Kwa nini?

Jina lilitoka Marekani. Mwaka 1997 Jorn Barger aliuita ukurasa wake "weblog", yaani daftari la aliyoyaona mtandaoni, na mwaka 1999 likafupishwa likawa "blog". Mwaka huo huo ikaja Blogger, programu ya bure. Kabla yake, wengi waliotaka tovuti walilazimika kujua lugha za kompyuta au kumlipa anayezijua. Sasa unafungua akaunti, unaandika, unabonyeza, imetoka! Andiko jipya linakaa juu, la jana linashuka, na msomaji anakujibu hapo hapo.

Lakini vitu vingapi ni vya bure na hakuna anayevigusa? Kwetu sisi sababu kubwa ilikuwa kiu ya kusikika. Magazeti makubwa yanapangwa Nairobi. Kajiado iliingia gazetini kukiwa na ukame, mgogoro wa mashamba au ajali ya barabara ya Namanga, na hata hapo msimulizi alikuwa mgeni. Ukimwandikia mhariri barua, yeye ndiye anayeamua itoke au itupwe.

Kiu hiyo ni ya zamani. Kule Mombasa mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Alikuwa na la kuwaambia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili chao, akaliandika, hakungoja gazeti la mtu. Mimi humwona kama babu wa wanablogu wote wa huku kwetu, ila yeye alihitaji karatasi, wino na wa kusambaza.

Ukivuka Namanga, Watanzania walikuwa na jambo jingine: lugha. Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiishi Marekani, anatajwa kuwa wa kwanza kublogi kwa Kiswahili, katika blogu yake ya Jikomboe. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanza yake, ikajaa picha za harusi, misiba, mikutano na mitaa. Mtanzania aliye mbali na nyumbani alikuwa akiifungua kuona nani kaoa na nani katangulia mbele ya haki. Gazeti gani lingempa hayo?

Huku Kenya, Daudi Were alizikusanya blogu za Wakenya pamoja, ukisoma moja unaingia ya pili. Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, kufuatilia kazi za wabunge. Kilichowachochea ni kwamba tovuti ya Bunge iliondolewa baada ya baadhi ya waheshimiwa kulalamika kuwa maelezo ya elimu na kazi zao yamewekwa hadharani. Ajabu, eti?

Kisha kikaja kile kipindi. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya urais yalitangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga. Nchi inawaka moto na wewe huoni kitu. Watu wakakimbilia blogu. Okolloh aliandika usiku na mchana, wasomaji wakimletea habari za kwao. Tarehe 3 Januari 2008 akauliza kama kuna anayeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mauaji na uharibifu ulipotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia, na baada ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Hata asiye na kompyuta aliweza kutuma ujumbe mfupi kwa simu yake ndogo.

Hapa tuseme kweli. Mlango ule ule usio na bawabu ulipitisha fitna. Kobia huyo huyo alikuwa na ukumbi uitwao Mashada, ukajaa matusi ya kikabila kiasi kwamba aliufunga Januari hiyo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika machafuko yale. Kila anayesoma Surat Al-Hujurat anajua amri ya kuichunguza habari kabla ya kuipokea. Saiba haikuwa na wa kuichunguza isipokuwa wewe uliyekaa kwenye kiti.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na intaneti ikazidi kasi. Ungedhani blogu zingestawi zaidi. Zilistawi kwa muda, kisha Facebook, Twitter na WhatsApp zikawachukua waandishi wengi. Tanzania ikaweka kanuni mwaka 2018: mwenye blogu alipie leseni na ada, kiasi cha shilingi milioni 2 za kwao, na wengi wakafunga. Ushahidi ilisafiri: Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, ramani iliyozaliwa Kenya ilitumika kuonyesha walipo wenye kuhitaji msaada.