Hawana Majina, Ila Ubongo Wao Uliandika Historia

Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, London. Mwanamke mmoja analazwa kwenye mashine ambayo hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kuilalia. Madaktari wanahisi ana uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, ila wanataka kuuona kabla ya kushika kisu. Mashine inazunguka kichwa chake taratibu, inapiga eksirei kutoka kila upande, data zinaingia kwenye kanda, kanda inasafirishwa hadi kwenye kompyuta ya kampuni ya EMI upande mwingine wa jiji. Picha iliporudi, uvimbe ulikuwa pale pale, doa la giza ndani ya fuvu ambalo bado hakuna aliyelifungua.

Hiyo ndiyo CT-scan ya kwanza ya mgonjwa. Mhandisi aliyeitengeneza mashine, Godfrey Hounsfield, alipata Nobel mwaka 1979. Aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuumiza kichwa na hesabu za wazo hilohilo mwaka 1956 akiwa kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alizichapisha miaka ya 60 na karibu hakuna aliyejali. Kwa wapenda muziki: ndiyo, EMI ni ile ile iliyokuwa inauza santuri za The Beatles, na mtandaoni kuna stori maarufu kwamba CT-scan ililipiwa na pesa za Beatles. Stori tamu, lakini mzigo mkubwa wa gharama ulibebwa na wizara ya afya ya Uingereza.

Na yule mwanamke? Historia inamwita "mgonjwa wa kwanza", basi.

Ukifuatilia stori ya binadamu kuusoma ubongo, watu wa aina yake ni kibao. Waliotoa vichwa vyao hawatajwi, waliosoma vichwa ndio wana tuzo. Anayejulikana kuliko wote ni Phineas Gage, msimamizi wa wajenga reli kule Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kikaingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Jamaa hakufa. Daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba rafiki zake walimwona kama mtu mwingine kabisa: mdomo mchafu, hana subira, hashauriki. Tangu hapo vitabu vikamfanya ushahidi kwamba tabia ya mtu inakaa sehemu ya mbele ya ubongo.

Kitu ambacho vitabu vingi vinakiruka ni kwamba baadaye Gage alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi, kwa miaka kadhaa. Hiyo siyo kazi ya mtu asiyeweza kujizuia. Yaani hata kesi maarufu kuliko zote haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa.

Lakini watu wanapenda mkato. Kabla hata ya Gage, daktari Franz Joseph Gall wa Vienna alishaanzisha fundisho kwamba ukipapasa vinundu vya fuvu unajua mtu ni mwizi, mkarimu au mpenda ndugu. Lilikuwa bonge la biashara Ulaya na Marekani, watu wanalipia kupapaswa kichwa kama leo wanavyojaza zile chemshabongo za "wewe ni mtu wa aina gani". Wanasayansi walilitupa, ila wazo lenyewe, kwamba umbo la ubongo ni cheti cha tabia, halikufa. Likapanda meli, likafika Nairobi.

Mwaka 1934 jarida moja la Uingereza la anatomia lilichapisha makala ya F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali ya kikoloni Nairobi. Alichunguza bongo 100 za Waafrika wa Kenya waliokufa (huo ndio wingi wa ubongo, na ndiko Bongo yetu ilikotoka). Alipima uzito, akapima unene wa tabaka la juu, kisha akatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika haujafikia wa Mzungu. Mwenzake H. L. Gordon, wa hospitali ya vichaa ya Mathari, alizichukua hoja za namna hiyo na kuzipigia debe: eti elimu ya Kizungu inaweza kumdhuru Mwafrika kwa sababu kichwa chake hakijajengwa kuibeba. Walitaka serikali ya Uingereza igharamie utafiti mkubwa zaidi. London ikakataa kutoa pesa.

Uzito wa ubongo unategemea ukubwa wa mwili, lishe, ugonjwa uliomuua mtu, hata muda na dawa ya kuuhifadhi. Kupima bongo za maiti za watu maskini chini ya ukoloni, ukazilinganisha na vipimo vya Wazungu, halafu ukasema umepima akili ya kabila zima, hiyo ilikuwa noma. Na hakuna hata mmoja kati ya wale 100 ambaye jina lake linajulikana. Walikuwa na mama zao, wake zao, mashamba yao. Kwenye makala ni gramu na milimita.

Haikuishia hapo. J. C. Carothers, daktari mwingine aliyeongoza Mathari, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo. Upasuaji huo ndio uliompa Egas Moniz wa Ureno tuzo ya Nobel mwaka 1949, na uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa wamepoa kama maji ya mtungi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Hapo ndipo mambo yanapoonekana wazi: watu wanapigania ardhi yao, mtaalamu anaulizwa vichwa vyao vina shida gani. Daktari Mnigeria Thomas Lambo aliyapinga maandishi ya Carothers, na Frantz Fanon akamjibu kwenye kitabu chake cha mwaka 1961.

Basi wakati CT-scan inaingia hospitalini, kulikuwa na sababu ya kuogopa. Ila safari hii mambo yalianza kwa namna tofauti, na wa kwanza kufaidika walikuwa akina mama.

Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia: mama mkali, baridi, anayemkataa mtoto. Wazo hilo lilienea sana Marekani. Fikiria mzazi ambaye kijana wake wa miaka 20 ameanza kusikia sauti, hali, halali, anahisi anafuatiliwa, halafu anafika hospitali na kuambiwa chanzo ni yeye. Huku kwetu lawama hubadilika jina, mara katupiwa jini, mara bangi, mara mama kamdekeza. Kule ilivaa koti jeupe.

Palikuwepo dalili za mapema kwamba ubongo wenyewe unahusika. Mwaka 1927 madaktari wawili wa Ujerumani walitumia mbinu ya kutoa maji yanayouzunguka ubongo kupitia uti wa mgongo, kuingiza hewa, kisha kupiga eksirei. Waliona vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo vimepanuka kwa wengi wa wagonjwa wao wa skizofrenia. Lakini kipimo kilikuwa mateso, kichwa kuuma na kutapika hadi basi, na ingekuwa ukatili kumfanyia mtu mzima wa afya ili tu upate wa kulinganisha.

CT-scan iliondoa hicho kikwazo. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake wa hospitali ya Northwick Park, London, waliwapiga picha wagonjwa 17 waliokuwa wameishi wodini muda mrefu, wakawalinganisha na watu wasio na ugonjwa. Vyumba vya maji vya wagonjwa vilikuwa vikubwa zaidi. Wengi hawakuamini, wakasema labda ni dawa, labda ni miaka ya kukaa hospitali. Tafiti za baadaye za watu waliougua kwa mara ya kwanza, ambao hawajameza kidonge, nazo zikaona tofauti, ingawa ndogo.

Kazi iliyoshika zaidi ilichapishwa mwaka 1990. Watafiti wa Marekani walichukua jozi 15 za pacha wa kufanana, mmoja anaumwa skizofrenia, mwingine mzima, wakatumia MRI, mashine ya sumaku inayotoa picha kali zaidi. Kwenye jozi 12, mtu aliyetazama picha tu aliweza kumtambua mgonjwa, kwa sababu vyumba vyake vya maji vilikuwa vimepanuka kuliko vya mwenzake. Mama mmoja, tumbo moja, nyumba moja. Kumlaumu mzazi kukawa kugumu.

Ila waliweza kutambua kwa sababu picha ya pacha ilikuwa pembeni. Bila ya pacha, wagonjwa wengi wana vyumba vya ukubwa wa kawaida kabisa, na wapo wazima wenye vyumba vikubwa. Ni kama urefu: wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini ukiambiwa tu kwamba mtu ana sentimita 168, huwezi kujua ni kaka au dada.

Halafu wakaja madereva teksi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire wa London alichapisha picha za ubongo za madereva 16 wa teksi za jiji hilo, ambao ili wapate leseni hukariri mitaa kama 25,000. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu za njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Madereva wa mabasi, wanaofuata njia ile ile kila siku, hawakuwa na badiliko hilo. Mwaka 2011 timu yake ikaonyesha kwamba kwa waliosoma wakafaulu, eneo hilo liliongezeka katika miaka ya kusomea, na kwa walioshindwa halikuongezeka. Kumbe maisha nayo yanauchora ubongo. Vint angepima nini kama angejua hilo?

Tabia ndiyo imegoma. Mwaka 2010 utafiti wa watu 116 ulisema ukubwa wa sehemu fulani za ubongo unaendana na uchangamfu, wasiwasi au nidhamu ya mtu. Vichwa vya habari vikachangamka. Wengine waliporudia kwa vijana wa chuo zaidi ya 1,000, uhusiano huo karibu wote haukuonekana. Mwaka 2022 jarida la Nature likachapisha uchambuzi wa picha za watu karibu 50,000: uhusiano kati ya umbo la ubongo na tabia upo kwa kiasi kidogo mno, na tafiti za watu wachache wachache zilikuwa zinaokota bahati. Wakati huohuo kuna kliniki nje huko zinazouza picha ya ubongo kama kioo cha nafsi, kwa pesa ndefu.

Mgonjwa anayeanza kusikia sauti anapoandikiwa CT-scan leo, daktari anatafuta uvimbe, damu iliyovuja au maambukizi, vitu vinavyoweza kuleta dalili kama hizo. Picha ikirudi safi, anaiweka kando, anavuta kiti, anaanza kuuliza maswali: lini ilianza, unalala saa ngapi, nani unaishi naye.