Usomaji wa Picha za Matiti: Kutoka Berlin hadi Ocean Road
Mwaka 1913, daktari mpasuaji Albert Salomon wa Berlin alichunguza kwa eksirei matiti 3,000 yaliyokwisha kukatwa. Aliona vidoa vyeupe vya chokaa, vidogo kama punje za chumvi, ambavyo wasomaji wa picha huvisaka hadi leo. Katika nchi nyingi za Ulaya kila picha husomwa na madaktari wawili, utaratibu wa busara kwani jicho huchoka.

Dar es Salaam, hospitali ya Wajerumani ya 1897 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 1996. Kwa mgonjwa wa Kinyerezi, kuifikia ni kuvuka jiji. Wagonjwa wengi hufika wamechelewa mno. Picha nazo zina ugumu wake: titi la mwanamke kijana huwa na tishu nzito, zinazoonekana pichani nyeupe kama uvimbe wenyewe, hivyo altrasaundi huongezwa.