Mabaraza ya wapenzi wa magari: Yanavyozaliwa, yanavyokua na yanavyofifia mtandaoni

MKENYA anayenunua gari lililotumika kutoka Japani aghalabu hulipokea likiwa na kitabu cha maelezo asichoweza kukisoma. Maandishi ni ya Kijapani. Redio imeundiwa masafa ya nchi hiyo, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni nyingi za humu nchini ziko juu ya hapo. Isitoshe, huenda fundi wa mtaani hajawahi kuifungua injini ya aina hiyo.

Kwa muda wa takriban miongo mitatu sasa, msaada wa mnunuzi kama huyo umetoka kwa watu asiowafahamu: wenye magari ya aina hiyo hiyo walioko New Zealand, Uingereza, Zambia au mtaa wa pili, wanaokutana mtandaoni kushauriana.

Mikusanyiko hiyo, ambayo hapa tutaiita mabaraza, haidumu katika hali moja. Huzaliwa, hukua, hujaa kelele, huhama na pengine hufa. Mabadiliko hayo huongozwa na mambo mawili makuu: umri wa gari lenyewe na umri wa teknolojia inayowakutanisha wanachama.

Chimbuko

Kabla ya intaneti, wapenzi wa magari walijiunga na vyama. Walikutana mwishoni mwa juma, wakapokea majarida kwa njia ya posta na kuandaa maonyesho. Jijini Nairobi, mashindano ya umaridadi wa magari yajulikanayo kama Concours d'Elegance yalianza mwaka 1970 chini ya chama cha wenye magari ya Alfa Romeo.

Mkusanyiko wa mtandaoni ulianza kwenye Usenet, mfumo wa kubadilishana ujumbe uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Miongoni mwa kumbi zake za awali ulikuwemo wa magari, ambao baada ya majina kupangwa upya mnamo 1986 na 1987 uliitwa rec.autos.

Washiriki wa wakati huo walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wanafunzi na wahandisi wa kompyuta. Walizungumzia magari yote katika ukumbi mmoja. Kadiri idadi yao ilivyoongezeka, ndivyo walivyozidi kugawanyika: ufundi kando, mashindano kando, uendeshaji kando.

Kila gari na baraza lake

Mgawanyiko huo ulifika kilele mwishoni mwa miaka ya 1990. Tovuti zilianza kuwaruhusu wasomaji kuandika, na programu kama phpBB na vBulletin, zote za mwaka 2000, zikamwezesha mtu yeyote mwenye seva ndogo kufungua baraza lake. Badala ya ukumbi mmoja wa magari yote, kila modeli ikapata makao yake.

Nguvu ya mabaraza haya ilikuwa katika mpangilio. Swali moja lilikuwa mada moja, na majibu yake yakafuatana chini yake. Aliyekuja miaka 5 baadaye aliweza kutafuta neno moja na kusoma mjadala mzima, tangu dalili za kwanza za ugonjwa wa injini hadi picha ya kipuri kilichovunjika na taarifa ya mwenye gari kuwa amepona adha hiyo.

Umri wa gari, umri wa baraza

Subaru Impreza ni mfano mzuri wa jinsi baraza linavyozeeka pamoja na gari. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiendesha Impreza, na mwaka 1995 Colin McRae akatwaa ubingwa wa dunia kwa gari la aina hiyo. Marekani haikuuziwa aina yake yenye kasi, WRX, hadi mwaka 2001, na waliokuwa wakiisubiri walijaa katika baraza la NASIOC, lililokuja kuwa miongoni mwa mabaraza makubwa ya Subaru duniani.

Gari linapokuwa jipya, mazungumzo huwa ya kusifu na kulinganisha. Wenye magari wana pesa, na yakiharibika huyarudisha kwa muuzaji.

Hatua ya pili huja dhamana ya kiwanda inapokwisha. Hapo ndipo gasketi za baadhi ya injini za Subaru huanza kuvuja, mkanda wa injini huhitaji kubadilishwa, na mwenye gari hulazimika kujifunza. Maarifa mengi ya thamani huandikwa katika kipindi hiki, kwa sababu wanaouliza na wanaojibu wote wana gari moja na tatizo moja.

Katika hatua ya tatu bei hushuka. Gari huingia mikononi mwa vijana, wengi wao wakiwa wamiliki wa tatu au wa nne. Rimu, mifumo ya kutolea moshi na kasi hutawala mazungumzo, na maswali yaliyokwisha kujibiwa huulizwa upya kila wiki. Wenye magari wa kwanza, ambao sasa wana familia na magari mengine, huondoka polepole.

Hatimaye magari hupungua barabarani na yaliyosalia huwa hazina. Mfano ni Impreza 22B ya mwaka 1998, iliyotengenezwa magari 400 kwa soko la Japani, ambayo leo huwaniwa na matajiri katika minada. Baraza hugeuka mahali pa kutafuta vipuri adimu na kuthibitisha kuwa gari ni halisi. Wanachama ni wachache tena, kama ilivyokuwa mwanzo, ila sasa ni wazee.

Wenyeji na wageni

Katika kila hatua, baraza hukabiliwa na suala la wageni. Kwenye Usenet, wanafunzi wapya wa vyuo vikuu waliingia kila Septemba na kuvuruga desturi, hadi walipofunzwa na wakongwe. Kuanzia 1993 na 1994, kampuni za huduma ya intaneti kama AOL zilipowafungulia wateja wao mlango, wageni hawakukoma tena kuingia. Wakongwe wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Mwaka 2006, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta Jakob Nielsen alieleza kanuni ambayo hadi leo hunukuliwa sana: katika kila watu 100 wa mkusanyiko wa mtandaoni, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja huandika sehemu kubwa ya yaliyomo.

Maana yake kwa mabaraza ya magari ni nzito. Baraza lenye maelfu ya wanachama laweza kuwa linategemea mafundi na wajuzi wachache mno. Wakichoka kuulizwa jambo lile lile, wakatukanwa au wakauza magari yao, baraza huendelea kuonekana limejaa ilhali kisima kimekauka.

Hata hivyo, kuwafukuza wageni hakujasaidia. Mabaraza mengi yalikuwa na desturi ya kumkaripia anayeuliza bila kutafuta kwanza katika kumbukumbu. Wengi waliokaripiwa hawakurudi, na wakongwe walipoondoka hapakuwa na wa kuwarithi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mabaraza yaliyodumu ni yale yaliyowapa wageni mahali pao pa kuulizia.

Fedha zinapoingia

Baraza lenye watu wengi huvutia wafanyabiashara. Wauza vipuri hulipia matangazo, na mwanzilishi, ambaye pengine alikuwa akigharamia seva kutoka mfukoni mwake, hujikuta na mali inayotamaniwa.

PistonHeads, iliyoanzishwa Uingereza na mpenzi wa magari, ilinunuliwa na kampuni ya majarida ya Haymarket mwaka 2007, kisha na kampuni ya mauzo ya magari ya CarGurus mwaka 2019. Nchini Kanada, kampuni ya VerticalScope ilikusanya mamia ya mabaraza ya aina hii. Mwaka 2015 kampuni ya magazeti ya Torstar ilinunua asilimia 56 ya hisa zake kwa dola milioni 200 za nchi hiyo.

Ununuzi wa aina hii una pande mbili. Kampuni huweza kulipia seva na usalama ambao mtu mmoja angeshindwa kuumudu. Kwa upande mwingine, matangazo huongezeka, na waliokuwa wakijitolea huanza kujiuliza ni kwa nini wafanye kazi ya bure kwa faida ya kampuni.

Picha zilizotoweka

Kwa kuwa seva za mabaraza zilikuwa ndogo, wanachama wengi walihifadhi picha zao kwenye tovuti nyingine, hasa Photobucket. Mwishoni mwa Juni 2017, kampuni hiyo ilibadilisha masharti na kudai dola 399.99 kwa mwaka kutoka kwa kila aliyetaka picha zake zionekane kwenye tovuti za wengine.

Maelezo ya urekebishaji yaliyoandikwa kwa miaka mingi yakabaki maneno matupu. Palipokuwa na picha ya boliti inayohusika, paliwekwa tangazo la kudai malipo. Kampuni ililegeza msimamo mwaka 2018, lakini kufikia wakati huo wanachama wengi walikuwa wamefuta akaunti zao au kuhama.

Safari ya kuelekea vikundi vya simu

Facebook ilizindua mfumo mpya wa vikundi mnamo Oktoba 2010, na simu za kisasa zikafanya kazi iliyobaki. Kuingia kikundini hakukuhitaji kujisajili upya, picha ilipandishwa kwa mguso mmoja, na jibu lilipatikana kwa dakika chache.

WhatsApp ilileta ukaribu zaidi. Kikundi chake kiliweza kuwa na watu 256 kuanzia 2016, na idadi hiyo ikapandishwa hadi 512 na kisha 1,024 mwaka 2022. Wanachama hujuana, hupanga safari pamoja na husaidiana gari linapokwama njiani usiku.

Kilichopotea ni kumbukumbu. Jibu zuri lililotolewa Jumatatu huwa limefunikwa na salamu na vichekesho kufikia Jumatano. Asiyekuwa kikundini hawezi kulitafuta, na aliyejiunga jana hayaoni mazungumzo ya mwaka jana.

Urithi wa dereva wa Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, wengi waliruka hatua ya kati. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009 na bei ya intaneti kuanza kushuka, vikundi vya Facebook vilikuwa vinakaribia kushika hatamu. Nchini Tanzania, JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilitenga ukumbi wa magari ambapo mafundi na wenye magari walijadiliana kwa Kiswahili. Hata hivyo, Juni 2018 tovuti nzima ilifungwa kwa muda kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na maarifa hayo ya ufundi yakafungiwa humo pamoja na siasa.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Waagizaji wengi, kwa sababu ya bei, huchagua yanayokaribia kikomo hicho. Hivyo basi gari huwasili Mombasa likiwa katika ile hatua ya pili: dhamana imekwisha, maradhi yake yamejulikana kwingineko, na dawa zake zimekwisha kuandikwa.

Yaliyoandikwa na Mwingereza au mkazi wa New Zealand kuhusu gari hilo miaka michache iliyopita ndiyo anayoyahitaji mkazi wa Nakuru leo. Akiyakosa, hubaki na uvumi. Injini za D-4 za Toyota, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilipata sifa mbaya hapa nchini hadi wanunuzi wakazikimbia. Mwenye injini kama hiyo hahitaji kuambiwa ni mkosi. Anahitaji maelezo ya kipi huziba, kwa nini huziba na namna ya kukisafisha.

Tofauti kati ya maelezo na uvumi hupimwa kwa shilingi. Anayejua dalili huenda kwenye maduka ya Kirinyaga Road akiwa na nambari ya kipuri kimoja. Asiyejua hubadilishiwa vitatu, na tatizo likabaki pale pale. Ikiwa kipuri chenyewe ni cha breki au usukani, gharama huweza kuwa uhai.

Kuhifadhi yaliyopo

Hifadhi za zamani nazo zinazidi kusogea mbali. Mnamo Februari 22, 2024, Google, iliyonunua kumbukumbu za Usenet kutoka kampuni ya Deja mwaka 2001, iliacha kupokea ujumbe mpya wa mfumo huo, ingawa ilibakisha wa zamani. Programu za akili bandia zinazojibu maswali ya magari hujifunza kwa sehemu kutokana na maandishi ya wazi ya aina hiyo. Yaliyosemwa ndani ya vikundi vilivyofungwa hayamo humo, na maswali kuhusu magari ya kwetu na barabara za kwetu huwa miongoni mwa yanayokosa majibu.

Wasimamizi wa vikundi wanaweza kupunguza hasara hiyo bila gharama kubwa. Mtu mmoja aweza kupewa jukumu la kukusanya majibu yaliyothibitika, akitaja modeli, mwaka, aina ya injini, dalili na kilichoponya. Majibu hayo yawekwe mahali pa wazi, picha zikiwa pamoja na maneno, na nakala zihifadhiwe na zaidi ya mtu mmoja.

Mwenye gari naye ana deni. Baada ya kusaidiwa, wengi hutoweka bila kusema kama ushauri ulifaa. Sentensi moja ya kueleza kilichotengeneza gari ndiyo atakayoitafuta mwingine, miaka 5 ijayo, akiwa amekwama kando ya barabara.