Bonde la Watonga na Ziwa la Kariba

Ukuta wa Kariba ulipofungwa Desemba 1958, mto Zambezi ulizuiwa njia yake, ukapanda pole pole juu ya mashamba ya Watonga. Mashamba hayo ya kingoni yalikuwa maisha yao: mafuriko ya kila mwaka yaliyatia rutuba, yakazaa hata mvua ilipokuwa haba. Watu wapatao 57,000, wa Rhodesia ya Kaskazini na ya Kusini, waliondolewa ili viwanda na migodi ya shaba ipate umeme. Watu wa Chifu Chipepo walikataa. Septemba 1958 polisi waliwapiga risasi, wakafa wanane. Waliosalia walipakiwa katika malori mpaka Lusitu, nchi ya ukame. Wanyama walipata bahati njema zaidi, ikiwa hiyo yaweza kuitwa bahati: maelfu waliokolewa visiwani kwa mashua, na kazi hiyo, iliyopewa jina la Nuhu, ikavuma duniani kupita habari za Lusitu. Umeme ulilivuka bonde ukaenda zake mijini. Vijiji vingi vya waliohamishwa vilikaa gizani miaka mingi. Makaburi ya wazee wao yamo chini ya maji.