Lugha ya Mlo Mjini Nairobi: Bandari, Reli na Vitongoji vya Magharibi

1. Utangulizi

Historia ya kuenea kwa Kiswahili barani imeandikwa aghalabu kwa kufuata njia nne: biashara ya misafara, dini, utawala wa kikoloni na shule. Njia ya tano, ambayo ni jiko, imetajwa kwa nadra, pengine kwa kuwa mandazi na mchuzi huonekana kuwa mambo madogo mno kwa kalamu ya mtaalamu. Walakini mtu mzima afikapo mji wa kigeni hajifunzi kwanza lugha ya mahakama wala ya vitabu. Hujifunza kuomba maji, kuuliza bei ya chakula, na kumjua yule anayempa.

Nairobi ni mji unaofaa kuchunguzwa kwa njia hiyo. Hauna bahari; uko kiasi cha kilomita 500 kutoka Mombasa, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, na jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Hata hivyo ni mtoto wa bandari. Watu wake wa mwanzo, bidhaa zake na lugha iliyowaunganisha watu hao vilipanda kutoka pwani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa mlo wa Nairobi, kuanzia katikati ya mji hadi Kangemi, Kawangware na Dagoretti, umehifadhi historia hiyo. Na kwamba maneno ambayo huhesabiwa darasani kuwa makosa ya Kiswahili mara nyingi ni ushahidi wa namna lugha ilivyopokewa na watu waliokuwa wakiifanyia kazi.

2. Chakula kabla ya mji

Upande wa magharibi wa Nairobi ya leo ulilisha wageni kabla ya mji wenyewe kuwako. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea ziwani ilipumzika mahali ambapo wasafiri walipaita Ngongo Bagas, karibu na Ngong ya sasa, jina la Kimaasai lililovikwa matamshi ya watu wa misafara. Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Mahali hapo palikuwa mpakani: upande mmoja msitu na mashamba ya Wakikuyu, upande wa pili mbuga za Wamaasai. Msafara uliokuwa ukijiandaa kuvuka mbuga ulilazimika kununua nafaka, maharagwe na viazi vitamu vya kutosha siku nyingi.

Hapo ndipo neno “posho” lilipokuwa na uzito wake wa asili. Lilikuwa chakula cha mpagazi, kilichopimwa kwa kibaba na kugawiwa kwa siku, na lilikuwa haki yake kabla ya ujira. Msafara uliokosa posho ulikimbiwa na wapagazi, au uliiba. Mwaka 1890 Frederick Lugard alijenga kituo cha kampuni ya Waingereza huko Dagoretti baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Patano hilo halikudumu. Watu wa kampuni walichukua chakula mashambani kwa nguvu, wenyeji wakakishambulia kituo, na mwaka 1891 kampuni ikajenga ngome nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Waiyaki alikamatwa mwaka 1892, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Ugomvi wa kwanza wa kukumbukwa kati ya utawala wa kigeni na wenyeji wa eneo hili ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa chakula.

3. Reli na soko

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Kiasi cha 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki nchini mikataba yao ilipokwisha. Baadhi yao, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, waliweka maduka kwenye soko la Wahindi la Nairobi. Mwaka 1902 tauni iliingia sokoni humo, na wakuu wa mji wakaamuru lichomwe moto. Soko lilijengwa upya. Mtaa ulioitwa baadaye Bazaar Street ndio unaojulikana leo kwa jina la Biashara Street, na mtu akiupita atauona bado una maduka ya vitambaa na leso, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933.

Kutoka madukani humo maneno ya chakula yalienea kwa wingi: chai, chapati, bajia, biriani, kachumbari. Si kwamba yote yaliingia Kiswahili kwa mara ya kwanza Nairobi. Mengi yalikwisha kukaa Mombasa na Unguja kwa miaka mingi, yakapata matamshi ya pwani. Lakini Nairobi yalifika kwa milango miwili, mmoja wa Waswahili na mwingine wa Wahindi wenyewe. Ndiyo maana mji huo husikia “sambusa” na “samosa” kwa pamoja, na mtu mmoja huweza kuyatumia yote mawili kwa siku moja. Ndiyo maana pia jani ambalo Kiswahili sanifu huliita giligilani huitwa “dania” katika kila soko la Nairobi, kwa jina lake la Kihindi. Aliyeliuza mwanzo ndiye aliyelipa jina.

Mandazi yana historia ya namna nyingine. Mombasa hupambanua “mahamri”, yanayotiwa tui na iliki, na mandazi ya kawaida. Nairobi, ambako nazi haimei na iliki ni ghali, ilichukua jina moja tu. Chapati nayo, iliyokuwa mkate wa kila siku wa kuli wa reli, imekuwa katika nyumba nyingi za Nairobi chakula cha Krismasi na cha kumkaribisha mgeni. Neno limebaki lilivyo. Heshima yake ndiyo iliyopanda.

4. Hoteli, mkahawa na kibanda

Katika Kiswahili cha shule mahali pa kula huitwa mkahawa, neno lililozaliwa na kahawa ya Waarabu. Mtu wa Nairobi husema “hoteli”, naye hamaanishi mahali pa kulala. Akisema anakwenda hoteli, anakwenda kunywa chai. Si rahisi kulieleza jambo hili kwa kusema kwamba neno la Kiingereza lilieleweka vibaya. Katika miji mingi ya Bara Hindi vilevile “hotel” ni nyumba ya chakula, na yamkini maana hiyo ilisafiri na wenye maduka hadi Nairobi.

Ikiwa ndivyo, basi neno moja lilikuwa na maisha mawili katika mji mmoja. Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wawindaji, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa mpishi au mtumishi. Ripoti ya W. J. Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimfanya kila mwanamume Mwafrika atembee na cheti cha mwajiri wake shingoni. Kijiji cha Waafrika kilichokuwa Kileleshwa, upande wa magharibi, kilibomolewa katika miaka ya 1920, na wakazi wa vijiji vya namna hiyo wakasukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko.

Katika hali hiyo “hoteli” ya chai na mandazi haikuwa anasa. Ilikuwa mahali pa kukaa kwa mtu ambaye mji haukumtengea mahali. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwa ushahidi wa masimulizi ya wazee namna vyumba vya wanawake wa vijiji hivyo vilivyowapa vibarua chakula, chai na maji ya kuogea, vitu ambavyo mwajiri hakuvihesabu katika mshahara. Wageni wa Kikikuyu, Kikamba, Kiluo na Kiluhya walikutana hapo, na lugha ya kuagizia ilikuwa Kiswahili. Hakuna mtihani uliofanywa, lakini asiyeweza kutaja alichotaka alibaki na njaa.

Maneno “kibanda” na “kioski” yana historia ya karibu zaidi, nayo hayatenganiki na neno “kanjo”, yaani halmashauri ya mji pamoja na askari wake wanaowafukuza wachuuzi. Halmashauri ya Jiji ilikoma mwaka 2013, serikali ya kaunti ilipoanza. “Kanjo” halikukoma, kwa kuwa shughuli iliyolizaa haikukoma.

5. Maana zilizohama

Badiliko linalolaumiwa zaidi na walimu ni lile la “mchele”. Msemaji wa pwani hupanga mpunga shambani, mchele dukani na wali sahanini. Nairobi mtu huweza kuagiza mchele na kuletewa wali. Lawama hiyo husahau njia ambayo neno lilipita. Wakikuyu, ambao hawakuwa wakulima wa mpunga, walilipokea neno la biashara wakasema “mũcere”, kwa kibichi na kilichopikwa, kama walivyopokea “mũgate” kutokana na mkate na “cai” kutokana na chai. Neno lilipokea maana pana katika lugha ya pili, kisha likarudi Kiswahilini na maana hiyo. Hapa hapana uvivu wa ulimi; kuna safari ya kwenda na kurudi.

“Ndengu” ni mfano mwingine. Nairobi ni zile punje za kijani ambazo Kiswahili sanifu huziita choroko, ilhali dengu ya sanifu ni kitu kingine. Mpishi wa Mombasa na wa Nairobi huweza kukubaliana kwa neno na kutofautiana kwa chungu. Unga wa mahindi uliosongwa ni “sima” Mombasa na “ugali” Nairobi. Dagaa wa ziwani huitwa “omena”, kwa Kijaluo, kwa sababu walifika sokoni mikononi mwa Wajaluo. Viazi vya kizungu huitwa “waru” na wauzaji wengi wa Kangemi na Kawangware, na mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe hayana jina jingine mjini ila “githeri”. Kila neno limebaki na alama ya mkono ulioleta kapu.

6. Nyama choma na sukuma wiki

Vitongoji vya magharibi vimeipa lugha mambo mawili yanayostahili kuangaliwa na wanasarufi. Sehemu za Dagoretti zilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu hadi mpaka wa mji ulipopanuliwa wakati wa uhuru. Kawangware na Kangemi zikakua pembeni mwa Lavington na Westlands, zikiwapa malazi watumishi na watunza bustani wa mitaa hiyo, waliokwenda kazini kwa miguu. Machinjio ya Dagoretti yamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vyanzo vikuu vya nyama ya Nairobi, na jirani na machinjio hayo moto wa makaa hauzimiki. Si ajabu. Hapo ni karibu na mpaka ule ule wa zamani ambapo shamba la Mkikuyu lilikutana na mifugo ya Mmaasai.

Kisarufi ingetazamiwa “nyama ya kuchoma” au “nyama iliyochomwa”. Wasemaji waliondoa kiunganifu na kiambishi, wakabaki na nomino iliyofuatwa na mzizi wa kitenzi: “nyama choma”. Muundo huo si wa kawaida katika Kiswahili sanifu, ambacho huelekea zaidi kwenye miundo kama ya “kifungua kinywa”. Hata hivyo umekubalika hadi Tanzania, na hakuna anayeshindwa kuuelewa. “Sukuma wiki” limekwenda mbali zaidi. Ni amri nzima, kitenzi na yambwa, iliyogeuka kuwa jina la mboga. Linasema wazi kile ambacho bei ya nyama imekifanya: mboga hiyo humfikisha mtu mwisho wa juma. Ni majina machache ya mimea yanayotaja mshahara kwa ufupi kiasi hicho.

7. Hitimisho

Anayetaka kuiona historia hii kwa macho anaweza kuanzia kwenye makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni ya zamani. Tangu 2017 abiria wa reli mpya kutoka Mombasa hushukia Syokimau, na stesheni ile si tena mlango wao. Kutoka hapo apite Biashara Street na soko kuu la mji lililo Muindi Mbingu Street, kisha apande matatu ya kwenda Kangemi au Dagoretti, ambako jioni mutura huchomwa kando ya barabara.

Kiswahili kilichosanifiwa baada ya kuundwa kwa kamati ya lugha mwaka 1930 kilijengwa juu ya Kiunguja, na faida za uamuzi huo ni nyingi. Hasara yake ni kwamba mamilioni ya watu wa bara walifundishwa kuyaonea haya maneno waliyolia chakula tangu utotoni. Mtoto wa Kawangware anayeandika “ndengu” na kusahihishwa kuwa “choroko” hujifunza neno jipya, na hilo ni jema. Lakini hujifunza pia kwamba chungu cha mama yake hakijui Kiswahili, na hilo si kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Watunga kamusi wangeyaingiza maneno ya hoteli na vibanda pamoja na mahali yanapotumika na njia yaliyopita, kama yanavyoingizwa yale ya Lamu na Pemba. Lugha iliyopanda bara ikiwa njaani ililishwa na watu wengi, na majina ya waliolisha yamo ndani ya maneno hayo.